Unitas, Brady na Waliofungiwa Nje

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya Februari 6, 2017 tulikuwa watu sita sebuleni kwa rafiki yetu Dar es Salaam, tumekusanyika kutazama Super Bowl, fainali ya NFL, ligi ya mpira wa Marekani. Kwa saa zetu mechi ilianza saa nane na nusu usiku. Adhana ya alfajiri ilipokaribia, Atlanta Falcons walikuwa mbele 28 kwa 3, na wanne kati yetu walikuwa wameshapitiwa na usingizi, mmoja bado kashika kikombe cha kahawa kifuani. Kulipopambazuka, Tom Brady, kwotabeki (mwongoza mashambulizi) wa New England Patriots, na wenzake walikuwa wameshinda 34 kwa 28 katika muda wa nyongeza. Waliolala walipoamka ilibidi waoneshwe marudio ndipo waamini. Mwenyeji wetu akasema, "Haya jamani, mjadala umefungwa. Huyu ndiye baba lao."

Nilikubali palepale. Lakini mjadala huo, wa nani ndiye kwotabeki bora kuliko wote waliowahi kucheza, haukufungwa, na kila nilivyozidi kuusoma mchezo huu ndivyo nilivyozidi kuona kwamba sababu yangu ya asubuhi ile ilikuwa dhaifu. Leo jibu langu liko karibu na la mwenyeji wetu. Sababu ndiyo iliyobadilika, na katika ubishi wa namna hii sababu ina uzito kuliko jina.

Kwa msomaji aliyeuona mchezo huu kwa mbali tu: timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine manne, na ikifika mwisho wa uwanja inapata tachidauni. Kila jaribio linaanzia mikononi mwa kwotabeki. Ana sekunde mbili tatu za kuamua amrushie nani, amkabidhi mkimbiaji au akimbie mwenyewe, na wakati huo walinzi wenye kilo mia na zaidi wanamjia kwa nia ya kumbwaga chini. Katika soka letu sioni nafasi inayolingana na hiyo. Namba kumi anaweza kupotea dakika 80, akapiga pasi moja ya bao, na kesho yake magazeti yakamsifu. Kwotabeki hana pa kujificha.

Ndiyo maana wengi hukimbilia kuhesabu pete, kwa sababu bingwa wa ligi hupewa pete. Brady ana saba, Joe Montana na Terry Bradshaw nne kila mmoja, Patrick Mahomes tatu, Peyton Manning mbili. Dan Marino hana hata moja. Hesabu ya chekechea inatosha kupanga orodha hiyo.

Lakini pete ni ya timu. Msimu wa 2000 Baltimore Ravens walicheza mechi tano mfululizo bila safu yao ya ushambuliaji kufunga tachidauni hata moja, na bado wakatwaa ubingwa, kwa sababu safu yao ya ulinzi ilikuwa ukuta. Kwotabeki wao siku ya fainali alikuwa Trent Dilfer. Baada ya kutwaa pete klabu haikumwongezea mkataba. Waliokuwa naye kila siku mazoezini walijua nani aliyewapa ubingwa. Atakayeniambia kwamba Dilfer alikuwa bora kuliko Marino, mazungumzo yetu yataishia hapo.

Tena, mwenye kushika pete kama mizani ajue zinampeleka asikotarajia. Otto Graham alichezea Cleveland Browns misimu 10 tu, 1946 hadi 1955. Katika misimu hiyo 10 alifika fainali mara 10 na kutwaa ubingwa mara saba. Brady alihitaji misimu 23 kupata saba zake. Utasema ubingwa nne wa kwanza wa Graham ulikuwa wa ligi nyingine, AAFC, iliyokuwa ikishindana na NFL kabla Browns hawajahamia. Kweli. Ila mwaka wao wa kwanza ndani ya NFL, 1950, walitwaa ubingwa pia. Anayesema "saba, basi" ana deni la kueleza kwa nini saba za Graham hazihesabiki.

Takwimu nazo zina mtego wao. Johnny Unitas wa Baltimore Colts alistaafu akiwa na yadi 40,239 za pasi, na hakuna aliyewahi kufikisha 40,000 kabla yake. Brady alistaafu na 89,214. Anayeziona namba hizo mbili bila kujua historia atadhani mmoja alikuwa mara mbili ya mwenzake. Msimu wa Unitas kijana ulikuwa na mechi 12. Mwaka 1961 zikawa 14, mwaka 1978 zikawa 16, na tangu 2021 ni 17. Hilo la idadi ya mechi ni dogo, maana kalamu na karatasi vinalimaliza. Kubwa ni sheria.

Kabla ya 1978 mlinzi aliweza kumsukuma na kumgonga mpokeaji wa pasi kuanzia mstari wa mwanzo hadi mpira uliporushwa. Mpokeaji alifika alikotakiwa akiwa amechelewa, amepinda, au hakufika kabisa. Mwaka huo ligi iliamua mguso huo uishie yadi tano. Ikawaruhusu pia wanaomlinda kwotabeki kunyoosha mikono na kufungua viganja wanapozuia. Sheria mbili tu, na mchezo ukageuka. Miaka sita baadaye Marino, akiwa katika msimu wake wa pili, alirusha yadi 5,084. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ligi nzima ilikuwa inakamilisha takriban pasi 50 katika kila 100. Siku hizi ni karibu 65. Vijana wa leo hawakuzaliwa na mikono iliyobarikiwa kuliko ya babu zao. Njia imefyekwa.

Na mwenye mpira analindwa. Mwaka 1953 Graham alipigwa usoni na mlinzi wa San Francisco 49ers, mdomo ukapasuka. Wakati huo kofia haikuwa na kinga ya uso. Alishonwa nyuzi 15 wakati wa mapumziko, wakamfungia kipande cha plastiki angavu mbele ya kofia, akarudi uwanjani na kuongoza ushindi. Siku hizi ligi inaadhibu hata anayempiga kwotabeki chini ya goti, sheria iliyokazwa mwaka 2009 baada ya Brady kuumia goti katika mechi ya kwanza ya msimu wa 2008 na kukosa mechi zote zilizobaki. Mimi naipenda sheria hiyo. Sitamani kuona mtu akivunjwa ili nifurahi. Ila tunapotaja kwamba Brady alicheza hadi miaka 45, haki ni kutaja na hilo.

Basi tupime kwa nini? Kwa muda mrefu nimekuwa na mizani moja: mtu alikuwa mbele kiasi gani ya wale waliocheza naye chini ya sheria zilezile, uwanja uleule, mwaka uleule. Msimu wa Marino wa 1984 unang'aa kwenye mizani hii hata bila pete. Alirusha tachidauni 48. Rekodi aliyoikuta ilikuwa 36, na aliyemfuatia mwaka huo alikuwa na 32. Sheria zilikuwa zilezile kwa wote. Yeye peke yake ndiye aliyezitumia vile.

Kwa mizani hiyo, kipenzi changu ni Unitas, na sitaificha. Mwaka 1955, katika zoezi la kila mwaka ambapo timu hupokezana kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, Pittsburgh Steelers walimchagua katika raundi ya tisa, wakamwacha kabla msimu haujaanza. Akabaki Pittsburgh akifanya kazi za ujenzi na kuchezea timu ya mtaani, Bloomfield Rams, kwa dola 6 kwa mechi. Mwaka uliofuata Colts wakampa nafasi. Mwishoni mwa msimu huo alianza kurusha angalau tachidauni moja katika kila mechi, akaendelea hivyo mechi 47 mfululizo hadi Desemba 1960. Rekodi hiyo ilikaa hadi 2012, Drew Brees alipoivunja. Yaani iliishi zaidi ya miaka 30 ndani ya zama ambazo sheria zilikuwa zikiwabeba warusha pasi, na bado hawakuifikia.

Tazama mwisho wa fainali ya Desemba 28, 1958, Yankee Stadium. Colts wako nyuma kwa alama tatu dhidi ya New York Giants, zimebaki chini ya dakika mbili, na mpira uko kwenye yadi yao ya 14. Wiki chache kabla, Unitas alikuwa amevunjika mbavu. Hana redio kofiani, kwa kuwa teknolojia hiyo iliruhusiwa mwaka 1994. Kocha yuko pembeni, lakini anayechagua la kucheza ni Unitas mwenyewe, kichwani, saa ikikimbia. Anamrushia Raymond Berry yadi 25. Anamrushia Berry tena, 15. Giants wote sasa wanajua mpira unakwenda kwa nani. Anamrushia Berry mara ya tatu, 22. Mpiga teke anaingia mbio, anasawazisha zikiwa zimebaki sekunde saba. Katika muda wa nyongeza Unitas anaongoza majaribio 13, yadi 80, anachanganya mbio na pasi hadi walinzi hawajui pa kutazama, na Colts wanashinda 23 kwa 17.

Kwotabeki wa leo anasomewa mpango sikioni na mtu aliyekaa na karatasi mkononi. Bado kazi ni ngumu, maana anatakiwa kuusoma ulinzi na kubadilisha mpango hapohapo, na katika hilo Peyton Manning hakuwa na mfano wake. Lakini Unitas alikuwa kocha na mchezaji kwa pamoja, na kazi hiyo aliilipia kwa mwili wake. Uzeeni mkono wake wa kulia, mkono uleule, haukuweza tena kukunja vidole vizuri.

Miaka kadhaa niliishia hapo. Ukiniuliza, nasema Unitas, tena kwa sauti. Kilichonitikisa ni kuitazama upya mizani yangu yenyewe. Nilisema tumpime mtu dhidi ya wenzake. Sasa wenzake walikuwa nani?

Kuanzia 1934 hadi 1945 hakukuwa na mchezaji mweusi hata mmoja katika NFL. Hapo ndipo Sammy Baugh alipong'ara, mtu ambaye mwaka 1943 aliongoza ligi kwa pasi, kwa mateke na kwa kunasa pasi za wapinzani, vyote vitatu. Hodari kweli. Lakini alikuwa anaongoza ligi iliyochagua nani asishindane naye. Mwaka 1946 mlango ulifunguliwa kidogo, na Browns wa Graham walikuwa mstari wa mbele: Marion Motley, mweusi, alikuwa akikimbia na mpira na kumlinda Graham kwa kifua chake. Nafasi ya kwotabeki, hata hivyo, ilibaki na kufuli. Imani ya makocha na wenye timu, mara nyingine ikisemwa waziwazi, ilikuwa kwamba mweusi ana miguu lakini hana kichwa cha kuongoza. Vijana waliokuwa makwotabeki hodari vyuoni waliambiwa wakifika kwenye ligi: wewe utakuwa mpokeaji, wewe utakuwa mlinzi.

Marlin Briscoe ndiye mfano unaoniuma. Mwaka 1968 Denver Broncos walikuwa na majeruhi wakampa nafasi, akawa mweusi wa kwanza katika zama za sasa kuanza mechi za ligi kuu kama kwotabeki. Akiwa mgeni alirusha tachidauni 14. Msimu uliofuata hakupewa hata nafasi ya kuishindania namba yake. Akaomba kuondoka, akaenda Buffalo, akageuzwa mpokeaji, na humo pia akawa mahiri. Baadaye alipata pete mbili na Miami Dolphins, za misimu ya 1972 na 1973, akipokea pasi za watu wengine. Wanaohesabu pete wamwekee ngapi katika safu ya makwotabeki?

Hapo mizani yangu ikapasuka. Pengo kati ya Unitas na wenzake lilipimwa dhidi ya uwanja uliopunguzwa. Hilo si kosa lake, na sidhani lingemshusha sana. Macho yangu yananiambia angekuwa mkubwa katika ligi yoyote. Ila siwezi tena kulichukua pengo lile kama ushahidi kamili. Mkimbiaji aliyewaacha wenzake mita 20 anastahili makofi, lakini nikigundua nusu ya wakimbiaji walizuiwa getini, nitayapiga makofi yangu nikiwa naangalia geti.

Kufuli ilianza kulegea Januari 31, 1988, San Diego. Doug Williams, kwotabeki mweusi wa Washington, alikuwa ametibiwa mzizi wa jino siku moja kabla. Katika robo ya kwanza goti lilimteguka, akatolewa, Denver wakiwa mbele 10 kwa 0. Akarudi akichechemea. Katika robo ya pili pekee alirusha tachidauni nne, ya kwanza ya yadi 80 kwa Ricky Sanders, na timu yake ikafunga alama 35 kabla ya mapumziko. Ikaisha 42 kwa 10, na Williams akawa mchezaji bora wa fainali. Sijui kama kuna robo nyingine ya mchezo huu iliyojibu maswali mengi kiasi hicho.

Sasa namrudia Brady, aliyechaguliwa wa 199 katika zoezi la wachezaji wapya mwaka 2000. Simchagui kwa sababu ya saba zake. Namchagua kwa sababu ya aliowakuta uwanjani. Katika fainali alizoshinda, upande wa pili walisimama Donovan McNabb mwaka 2005, Russell Wilson mwaka 2015, na Patrick Mahomes mwaka 2021, weusi wote watatu, wa kizazi ambacho kilipewa mpira kikaambiwa ongoza. Kwa miaka 20 na zaidi alishindana pia na Manning, Brees na Aaron Rodgers. Manning ana tuzo tano za mchezaji bora wa msimu na Rodgers nne, dhidi ya tatu za Brady, na nakubali kwamba katika msimu mmoja mmoja wao walipaa juu kuliko yeye. Lakini hakuna aliyekaa juu muda mrefu kama yeye mbele ya uwanja uliojaa kiasi hicho. Alifika fainali 10.

Wapo wanaosema ilikuwa kazi ya kocha wake, Bill Belichick. Mwaka 2020 Brady alihamia Tampa Bay, timu iliyokuwa imemaliza msimu uliotangulia kwa ushindi saba na vipigo tisa, na msimu uleule, akiwa na miaka 43, akaipa ubingwa kwa 31 kwa 9 dhidi ya Mahomes. Sina la kuongeza hapo. Wengine wanamtetea Montana: fainali nne, ushindi nne, tachidauni 11, hakuna pasi hata moja iliyonaswa. Ni kweli na ni jambo la kustaajabisha. Lakini kuanzia 1985 hadi 1987 timu ya Montana ilitolewa misimu mitatu mfululizo katika mechi yake ya kwanza ya mtoano. Brady anadaiwa fainali tatu alizopoteza, kana kwamba kutolewa mapema ni heshima kuliko kufungwa fainali. Mimi hesabu hiyo siikubali. Mahomes? Ana pete tatu na bado yumo kazini, tumwache acheze.

Hata uwanja wa Brady sisemi ulikuwa wazi kabisa. Lamar Jackson, kwotabeki mweusi, alipoingia ligi mwaka 2018 bado walikuwepo waliomshauri awe mpokeaji, na mwaka uliofuata akachaguliwa mchezaji bora kwa kura zote. Ila ndio uwanja uliokuwa wazi kuliko yote iliyotangulia, na aliyedumu kileleni hapo ndiye ninayeweza kumtetea bila kulikwepa swali. Brady wa kwanza. Unitas wa pili, na moyo wangu uko kwake.

Kuna mmoja nisiyejua pa kumweka. Januari 1978 Warren Moon, kwotabeki mweusi, aliiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Washington kuishinda Michigan katika Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, na akatajwa mchezaji bora wa mechi. Miezi michache baadaye NFL ilichagua wachezaji raundi 12 nzima na jina lake halikuitwa. Timu zilikuwa zimemtaka abadilishe nafasi, akakataa, akaenda Edmonton, Kanada, akatwaa ubingwa wa huko mara tano mfululizo, 1978 hadi 1982. NFL ilimwita mwaka 1984, Houston, akiwa anakaribia miaka 28, na kuanzia hapo bado alirusha yadi 49,325. Joe Montana alizaliwa Juni 1956, Moon Novemba mwaka huohuo. Moon alipovaa jezi ya NFL kwa mara ya kwanza, Montana alikuwa na pete moja tayari, na kabla msimu ule haujaisha alikuwa na mbili.